Viazi Vilivyochipua Kapuni

Kiangazi kilikuwa kirefu huko Minjila. Marando ya viazi vitamu, yale mashina yatambaayo ya kupandia, yalikauka yote katika shamba la Kadii. Kila msimu alikuwa akiomba marando kwa jamaa zake wa Golbanti, lakini mwaka huu nao hawakuwa nayo. Mvua ikinyesha, angepanda nini?

Asubuhi moja alimimina kapu lenye viazi vyao vya mwisho. Vilikuwa vimetoa machipukizi ya zambarau.

"Vinaharibika hivyo," alisema mumewe, Dzombo. "Vivunje hivyo vipembe, uvichemshe."

Kadii alikwisha kuvunja chipukizi la kwanza wakati jirani yao, Tamar, alipopiga hodi.

"Ngoja, Kadii! Mbegu waitia sufuriani?"

"Mbegu gani, dada? Kiazi ni cha kula. Kinachopandwa ni marando."

"Na marando hutoka wapi? Hata mimi sikujua, mpaka afisa wa kilimo aliponifundisha."

Dzombo alicheka. "Basi tulale njaa tukivitazama!"

"Shemeji, tumbo lako lina haraka kuliko mvua," alijibu Tamar.

Kadii na Tamar walichagua viazi vizima, visivyo na matundu ya wadudu. Karibu na nyumba walilima kitalu kidogo. Walivilaza viazi humo, wakaviachia nafasi, kisha wakavifunika kwa udongo.

"Usivikate, wala usivunje machipukizi," Tamar alieleza. "Mwagilia jioni, lakini usifanye tope, vitaoza. Zungushia miiba, mbuzi wasiingie."

Kadii alimwagilia kila jioni, huku moyo ukisitasita. Chakula chao kilikuwa kimefukiwa, na juu ya udongo hapakuonekana kitu.

Kisha udongo ukapasuka. Vichwa vidogo vya zambarau vikachungulia. Wiki zilipita, na kitalu kizima kikafunikwa na kijani kibichi. Kadii alichuchumaa, akafuata rando moja kwa kidole mpaka shinani. Hapo yalitoka marando mengine mengi, yote kwenye kiazi kimoja.

"Mungu wangu!" alinong'ona. "Nguvu hizi zote zilikuwa ndani ya kapu langu?"

Dzombo alivua kofia, akachuchumaa kando yake.

Mvua ilipolowesha ardhi, walikata marando, wakayapanda kwenye matuta. Miezi michache baadaye walivuna viazi vinene. Kabla sufuria haijatelekwa jikoni, Dzombo alichagua vilivyo vizima zaidi, akavipanga katika beseni lenye mchanga mkavu, uliopoa, kama Tamar alivyowaelekeza.

"Hivi visiguswe," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye mbele ya mtoto aliyelala. "Hili ndilo shamba la mwakani."