Miezi Minne na Siku Tisa

Cherono alikuwa mtu wa takwimu. Alifundisha somo hilo chuoni Westville, na Wakenya wenzake wa Durban walishauzoea utani wake: ukimwambia umeota ndoto ya ajabu, atakuuliza umeiota mara ngapi. Jambo likitokea mara moja, kwake halijatokea bado. Tabia hiyo ndiyo iliyomponza, na sisi tuliokuwa tukicheka naye hatucheki tena.

Mwezi wa Juni, chuo kilipofungwa, mumewe Absalom alikuwa na kazi ya kupima miamba kwenye makorongo ya jangwani, huko karibu na mpaka wa Namibia. Mtoto wao wa kwanza, Kibet, alikuwa na miezi mitatu na nusu, na Cherono hakutaka kubaki naye peke yake. Basi wakakodi gari-nyumba, lenye kitanda, jiko na choo chake, wakapakia nepi na unga wa ugali, wakaondoka Jumatatu asubuhi wakiimba.

Jambo moja tu lilikuwa halijakamilika. Kwao Bomet, mtoto huitiwa jina la mtu wa ukoo aliyekwisha kufa. Kina mama wazee humshika, wakataja majina ya marehemu moja baada ya jingine, na pale mtoto anapopiga chafya, huyo ndiye aliyerudi. Kibet alikuwa hajaitiwa. Mama mkwe ndiye aliyetakiwa kuja kuifanya kazi hiyo, lakini goti lake lilikuwa limegoma kupanda ndege, na kuita kwa simu alikataa katakata. Cherono hakujali. Chafya moja, alisema, ni sampuli ndogo mno.

Gari lilianza visa siku ya pili. Mkanda wa feni ulikatika kabla ya kufika mji wa Upington, wakapata fundi. Kesho yake, kwenye barabara ya changarawe, betri ikafa bila sababu. Mkulima mmoja akawasaidia kusukuma. Siku ya nne, saa sita mchana, wakiwa chini kabisa ya korongo, kuta za mawe mekundu huku na huku, gari likachemsha. Paipu ya rejeta ilikuwa imepasuka. Maji yote yalimwagika mchangani, yakakauka wakiyatazama.

Simu hazikushika mtandao. Absalom akachukua dumu.

"Mama Kibet, usiende mbali na gari. Nitarudi baada ya saa moja tu."

Cherono akakaa kivulini, mtoto mapajani. Hapakuwa na ndege wala upepo. Hatua chache kutoka gurudumu la nyuma aliona mirundo mitatu ya mawe, na juu ya kila mmoja kipande cha bati kilichotobolewa herufi kwa msumari. Makaburi. Labda ya watu wa zamani waliokwama hapo kama wao. Akasogea na mtoto wake, akaanza kusoma kwa sauti ili tu asikie mtu akiongea.

La kwanza lilikuwa la mwanamume. La pili, la mwanamke. La tatu lilikuwa fupi kuliko mkono wake.

"Josias," akasoma. "Miezi minne na siku tisa."

Kibet akapiga chafya.

Cherono akacheka. Vumbi hilo. Lakini mtu wa takwimu haachi jambo hapo. Akarudia jina la mwanamume. Kimya. La mwanamke. Kimya.

"Josias."

Chafya.

Hapo angenyamaza. Angemwingiza mtoto garini, afunge mlango. Mpaka leo anajilaumu kwa kutofanya hivyo. Mara mbili hazikumtosha.

"Josias."

Chafya. Kisha mtoto akageuza shingo, akalitazama lile kaburi dogo, akatabasamu.

"Umeita mara ngapi?"

Absalom alikuwa amesimama nyuma yake, dumu tupu mkononi.

"Tatu."

"Wewe, Cherono." Alikuwa akinong'ona. "Aliyekufa mchanga haitwi. Aki haitwi kabisa. Huja na siku zake zilezile."

Waliingia garini. Absalom akazungusha ufunguo ilimradi tu. Gari likawaka.

Liliwaka, likapanda korongo, likawafikisha Durban kwa siku mbili bila kukohoa, na mshale wa joto haukusogea. Kabla ya kulirudisha, Absalom alilipitisha kwa Méthode, fundi Mkongo anayemwamini. Méthode alifungua boneti, akachungulia, akarudi nyuma hatua moja.

"Patron, munatoka na hii gari wapi? Maji haiko ndani. Hata tone moja haiko."

Zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja Kibet afikie umri wa Josias.

Mama mkwe alipoambiwa, alisahau kwamba haiti kwa simu. Alitaja majina tangu alfajiri mpaka adhuhuri, ukoo wa baba, ukoo wa mama, hadi sauti ikamkauka. Absalom alimnusisha mtoto ugoro. Kibet aliwatazama tu.

Siku yenyewe ilipofika hawakwenda kazini. Walipokezana mtoto, hawakumlaza hata mara moja. Cherono aliogopa mpaka maziwa yakakatika. Alihesabu pumzi. Akipoteza hesabu, anaanza upya.

Kulipokucha, Kibet alikuwa hai. Alikuwa akicheka. Absalom alikaa sakafuni akalia kwa furaha, na jioni ile tulikula chapati kwao, tukaomba, tukashukuru.

Agosti, kliniki, sista alimweka mtoto kwenye mzani. Kilo sita na nusu, sawasawa na Julai. "Atanenepa tu, mama." Septemba, kilo sita na nusu. Oktoba sista alileta mzani mwingine.

"Eish," akasema, na tangu hapo hakumtazama Cherono usoni.

Kwenye kadi, mstari wa ukuaji ulipanda kuanzia Machi hadi Julai, kisha ukalala. Madaktari walipima damu na mifupa, hawakuona ugonjwa. Kibet ananyonya chupa vizuri, anacheka, analala. Hajaota jino. Hajawahi kujigeuza. Kucha alizokatwa Julai ile hazijahitaji kukatwa tena. Nguo za mtoto wa miezi sita zingali kwenye droo na lebo zake.

Huu ni mwaka wa tatu. Nyumba ya Westville waliihama majirani walipoanza kuuliza maswali, kwingine wakakaa miezi minane, na sasa wamehamia mtaa wa Morningside. Juzi mama mmoja wa mlango wa pili alimpungia mtoto mkono, akauliza huyu mzuri ana umri gani.

"Miezi minne," Cherono akajibu, akaingia ndani, akaanza kutafuta nyumba nyingine.