Cheti cha Babu Mbithi

Kila mara mvua iliponyesha usiku, Nzilani aliamka mapema, akavaa viatu vyake vya mpira, akachukua jembe dogo na kushuka shambani kukagua matuta. Shamba lao lilikuwa kwenye mteremko wa milima ya Iveti, juu ya mji wa Machakos, na udongo wake ulishikiliwa na matuta ya fanya juu, yale ya kuchimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu. Babu Mbithi aliyachimba matuta hayo ujanani pamoja na mwethya, kile kikundi cha majirani waliosaidiana kazi huku wakiimba. Palipotobolewa na maji, Nzilani alijaza udongo, akaukanyaga, kisha akapanda nyasi upya, kama Babu alivyomfundisha.

Babu alikuwa amefariki mwezi wa Februari, kitandani mwake, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Sasa ilikuwa likizo ya Aprili, lakini Nzilani, msichana wa miaka kumi na miwili, bado alijikuta akigeuka ili amwonyeshe Babu tuta lililoshika vizuri. Alikumbuka jinsi mzee alivyokuwa akitoka nyumbani asubuhi: kofia kichwani, koti la kijivu mabegani, na kiganja kikigonga mfuko wa kifuani. Ndani ya mfuko huo alikiweka kitambulisho chake.

"Babu, hata kuwapeleka mbuzi malishoni kunahitaji kitambulisho?" Nzilani alimwuliza siku moja.

"Enzi za mkoloni baba yangu alivishwa kipande shingoni, ndani ya kikasha cha chuma, kama kengele ya mbuzi," Babu alimjibu. "Alipokisahau nyumbani, alilala korokoroni. Mimi changu nilipewa nikiwa mtu huru. Nakiweka ninapotaka, na ninapotaka ni hapa, karibu na moyo."

Asubuhi hiyo Nzilani aliporudi kutoka shambani, alisikia sauti zikipanda ndani ya nyumba. Baba yake, Muli, dereva wa trekta katika ranchi moja huko Konza, alikuwa amepewa ruhusa ya siku chache. Shangazi Kasyoka, dada mkubwa wa Muli, alikuwa ameacha biashara yake ya matunda huko Matuu. Wote wawili walikuja kwa jambo moja, kutafuta cheti cha kifo cha baba yao. Hatimiliki ya shamba ilikuwa bado na jina la marehemu. Bila cheti, mahakama isingeweza kuanza kushughulikia urithi, na mama yao, Kalunde, ambaye Nzilani alimwita Susu, yaani bibi, asingeweza kuandikishwa kuwa mwenye shamba alilolilima maisha yake yote.

Siku iliyotangulia walikwenda mjini katika ofisi ya msajili wa vizazi na vifo. Karani aliwapokea vizuri, akakikagua kibali cha mazishi walichopewa na naibu wa chifu siku Babu alipofariki, na nakala ya kitambulisho cha Muli aliyekuwa mwombaji. Kisha akauliza, "Na kitambulisho halisi cha marehemu? Hicho hurudishwa serikalini." Hapo ndipo walipotazamana. Walirudi nyumbani, wakapekua sanduku, kabati, godoro, hata mapipa ya mahindi. Hawakukiona.

"Dada, wewe ndiwe uliyezikunja nguo za Baba," Muli alikuwa akisema Nzilani alipoingia.

"Na ufunguo wa sanduku la karatasi unakaa na nani? Na mimi?" Kasyoka alimjibu. "Unafikiri nakitaka kwa kazi gani, Muli? Nikakipigie kura?"

"Sijui. Labda kuna mtu ambaye hataki shamba liandikwe jina la Mama."

"Rudia hayo maneno!"

"Nimesema labda."

Kasyoka alisimama, akajifunga leso yake upya kiunoni. "Sikia, ndugu yangu. Leo hii ninarudi Matuu. Anayekificha kitambulisho cha Baba akitoe. Mpaka siku hiyo, nyumba hii sitaikanyaga."

Muli alishusha pumzi. "Basi tufanye hivi. Twende polisi tuseme kilianguka sokoni. Nani atajua?"

"Hutaapa uongo juu ya baba yako," alisema Susu Kalunde kutoka kwenye kona. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo. Kisha akainuka polepole, akaenda zake jikoni.

Nzilani alibaki ameuegemea mlango. Kati ya watu wote waliokuwa katika nyumba hiyo, ni wawili tu waliojua kitambulisho kilipo. Siku ya mazishi, waumini walipokuwa wakiimba nje, Nzilani aliingia chumbani kuchukua kiti. Alimkuta Susu peke yake mbele ya jeneza lililokuwa wazi. Babu alikuwa amevishwa koti lake la kijivu. Susu alikitumbukiza kitambulisho katika mfuko wa kifuani, akaugonga kwa kiganja taratibu, vile vile kama mwenyewe alivyokuwa akifanya. Alipogeuka na kumwona mjukuu wake, aliweka kidole midomoni. Nzilani aliitikia kwa kichwa, na kuitikia huko kukawa ahadi.

Alimfuata Susu jikoni. Bibi huyo alikuwa amekaa kwenye kigoda, akichambua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ingawa sinia lilikuwa safi tayari.

"Susu, kwa nini usiwaambie?" Nzilani alinong'ona.

"Niwaambie nini, mjukuu wangu? Hukuwasikia wakieleza alivyosema karani? Anataka kile halisi. Wakijua kilipo, serikali itasema kikatolewe." Mikono yake ilitulia juu ya sinia. "Nikae hapa nione majembe yakimshukia mzee wangu? Mtu akishalazwa, halali mara ya pili. Heri shamba libaki hivyo hivyo."

"Lakini Baba na Shangazi wanagombana."

"Nawasikia. Nina masikio." Macho yake yalijaa machozi. "Wewe uliniahidi, Nzilani."

"Sijasema neno kwa mtu, Susu."

"Basi endelea hivyo."

Nzilani alitoka nje, akakaa juu ya jiwe la kunolea. Kuvunja ahadi hakuweza. Kunyamaza huku Shangazi akifunga mzigo wake pia hakuweza. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha akatambua jambo moja dogo: hakuna mtu aliyekuwa amekwenda kuuliza kama ni kweli kwamba kaburi lingefukuliwa. Susu aliogopa tu. Na kuuliza swali, Nzilani alijiambia, si kutoa siri.

Ofisi ya naibu wa chifu, Bi. Peris, ilikuwa karibu na kanisa. Nzilani alikuta wanaume wawili wamesimama mbele ya meza yake, wakiteta juu ya mbuzi.

"Mbuzi wangu hali mahindi ya watu, madam," alisema mmoja.

"Hali? Basi kwangu alikuja kuyanyoa?" mwenzake alimaka.

Bi. Peris aliwaagiza wakatengeneze ua kwa pamoja na warudi kesho kumweleza. Walipotoka, alimtazama Nzilani kwa upole. "Wewe ni mtoto wa kwa Mbithi. Karibu. Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, madam. Nina swali." "Mtu akizikwa na kitu cha serikali, kama kitambulisho, je, kaburi lake hufukuliwa?"

Bi. Peris aliiweka kalamu chini. "Swali hilo ni la nani?"

"Siwezi kusema, madam. Nimeahidi."

"Basi sitakuuliza tena." Akaeleza pole pole, kama mwalimu. "Kaburi halifukuliwi bila amri ya mahakama, na kwa sababu ya kadi hakuna atakayeomba amri hiyo. Jamaa wa marehemu huenda kituo cha polisi, hueleza jinsi kitambulisho kilivyokosekana, na hupewa abstrakti, yaani hati ya polisi ya kitu kilichopotea. Kisha huenda kwa wakili kuapa hati ya kiapo yenye maelezo hayo hayo. Karatasi hizo, pamoja na kibali cha mazishi, hupelekwa kwa msajili. Ni hayo tu."

"Na wakisema kilianguka sokoni?"

"Hapo watakuwa wameapa uongo, na kuapa uongo ni kosa la jinai. Kwa nini mtu ajitie katika kosa, ilhali ukweli wenyewe hauna kosa?" Alitabasamu. "Mwambie huyo usiyemtaja kwamba hajafanya jambo la aibu. Akitaka, nitamsindikiza polisi mimi mwenyewe."

Nzilani alipanda mlima mbio, akapita matuta bila kuyatazama. Alimkuta Susu pale pale kwenye kigoda. Alipiga magoti mbele yake na kumweleza yote, neno kwa neno.

"Alisema hawatafukua?"

"Hawatafukua, Susu. Nimemwuliza yeye mwenyewe."

"Na hukunitaja?"

"Sikukutaja."

Susu Kalunde aliusukuma ukuni mmoja ndani ya moto uliokuwa ukififia. Kisha alijishika magoti, akainuka, akaenda hadi mlangoni mwa nyumba kubwa. Kasyoka alikuwa ameshautoa mfuko wake nje. Muli alisimama uani, amempa mgongo.

"Wanangu," Susu aliita, "msitafute tena. Kitambulisho anacho baba yenu."

Muli aligeuka. "Baba yupi?"

"Mna wangapi? Nilikiweka katika mfuko wa koti lake kabla ya jeneza kufungwa. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akivuka kizingiti bila kadi yake. Nilisema moyoni, asije akafika huko akaulizwa yeye ni nani, nami sipo wa kumjibia." Alijishikilia mlangoni. "Baadaye niliogopa mtafukua. Nikanyamaza. Nikawaacha mshukiane, na wote wawili hamna hatia."

Kisha Kasyoka alianza kucheka, na kicheko hicho kikageuka kilio katikati. Alimkimbilia mama yake, akamkumbatia.

"Lakini Mama," Muli alisema, naye akijifuta macho, "Mtakatifu Petro haulizi watu vitambulisho mlangoni."

"Baba yako angemwonyesha hata bila kuulizwa," Susu alijibu.

Hapo wote walicheka, hata Nzilani. Muli aliuchukua mfuko wa dada yake, akaurudisha ndani. "Nisamehe, dada," alisema akiwa ameinamisha kichwa. Kasyoka alimpiga begani. "Nami pia. Tulitafuta mwizi mahali ambapo hapakuwa na wizi."

Siku iliyofuata walikwenda mjini wote wanne, pamoja na Bi. Peris. Susu alitoa maelezo yake mwenyewe katika kituo cha polisi. Afisa aliyekuwa kwenye dawati alimsikiliza bila kucheka, akaandika kama alivyoelezwa. Wakili alimsomea Susu hati ya kiapo kwa Kiswahili, kisha kwa Kikamba, ili awe na hakika na kila neno kabla ya kuweka kidole gumba. Katika saiba, duka la intaneti lililo karibu na kituo cha mabasi, kijana mmoja aliwasaidia kujaza ombi katika mtandao wa serikali. Karani wa msajili alipozipokea karatasi hizo, alizipanga, akaitikia kwa kichwa. "Sasa mambo yenu yamekamilika. Mtaarifiwa kikiwa tayari."

Wiki chache baadaye, jioni moja ya Jumapili, Muli alirudi nyumbani na bahasha ya kaki. Kasyoka pia alikuwa amekuja kutoka Matuu, akiwa na kikapu cha maembe. Susu alimpa Nzilani karatasi iliyokuwa ndani. "Wewe ndiwe msomaji wetu. Soma kwa sauti."

Nzilani alisoma jina la Babu, umri wake na mahali alipofia. Alipofika penye kazi, alisoma, "Mkulima."

"Hapo rudia," Susu aliomba.

"Mkulima."

Susu alifumba macho. Kwa muda mfupi ilikuwa kana kwamba wote wanawasikia watu wa mwethya wakiimba mlimani, na sauti ya kijana Mbithi ikiwa miongoni mwao. Kisha Susu akafumbua macho, akamvuta mjukuu wake karibu.

"Nzilani, sikiliza, maana mimi nimejifunza uzeeni. Niliogopa jibu la swali ambalo sikuwa nimeliuliza. Hofu yangu nusura iwatenganishe watoto niliowazaa. Wewe hukuivunja ahadi, wala hukukaa ukatazama nyumba ikibomoka. Ulikwenda kuuliza kwa anayejua, ukaniletea ukweli, ukaniachia mimi niuseme. Ukipewa siri, itunze. Lakini ukiona inawaumiza watu, mrudie aliyekupa, umsaidie kuitua."

"Ndiyo, Susu."

"Tena ofisi za serikali si za kuogopwa. Ukienda na ukweli wako mkononi, huna haja ya kukumbuka ulisema nini jana."

Muli alikunja karatasi kwa uangalifu, akairudisha ndani ya bahasha. "Kesho Jumatatu nitampeleka Mama mahakamani, tuanze mambo ya urithi."

"Utampeleka wewe?" Kasyoka aliuliza. "Mimi ndimi mkubwa. Nitampeleka mimi."

"Dada, una maembe ya kuuza."

"Na wewe una trekta la watu!"

Susu aliwaacha wabishane. Safari hii walikuwa wakigombania nani atakayemshika mkono.