Mtoto wa Kuazima

Binti aliingia sebuleni asubuhi akiwa na sare ya shule, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu mama yake bila kugeuka, maana alikuwa anapiga pasi.

"Si wewe, mama."

Mama akageuka. Mtoto alikuwa amekielekea kiti kitupu karibu na dirisha, anatabasamu kwa haya, kama mbele ya mgeni aliyeleta zawadi. Sebule nzima ilinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Pasi ikaunguza kola na mama hana habari.

Walikuwa wawili tu nyumba ile, mama na mwanawe, na kila alichofanya mama alisema anamfanyia mtoto. Kazini wenzake walimwita Bi Funguo. Yeye ndiye aliyetunza stoo ya kanda za sauti za wenyeji wa mlimani, watu waliokuwa pale kabla sisi wengine hatujafika na ramani zetu na kiherehere chetu. Kanda nyingi mtu yeyote aliweza kusikiliza. Nyingine zilikuwa za wanawake tu. Na ilikuwepo moja, ya mama aliyekufa zamani, ambayo ukoo wake uliikabidhi kwa sharti: haifunguliwi mpaka binti wa ukoo asimame mbele ya kabati, aseme kwa kinywa chake, "Mama, mimi ni mwanao, nifungulie." Ndani ya sauti ile, walisema, kuna jini anayeilinda. Jini huyo haoni. Anashika neno aliloambiwa, basi.

Bi Funguo alilijua sharti hilo vizuri kuliko mtu yeyote pale ofisini. Ndiyo maana sina hata chembe ya huruma naye, au niseme ninayo, lakini naificha.

Siku chache kabla ya asubuhi ile ilijulikana kwamba wafadhili wanakuja, na mkurugenzi alitaka wasikilizishwe kanda hiyo hiyo iliyofungwa. Bi Funguo akampigia simu bibi mkuu wa ukoo. Bibi akajibu kwa upole kwamba mama yao si maonyesho, akakata.

"Kwani lazima awe wa ukoo wao?" mkurugenzi akamwambia, amefunga mlango. "Wageni watajuaje? Si una binti wewe? Mvalishe shanga, mfundishe maneno mawili matatu. Cheo cha mkuu wa idara kiko wazi, usisahau."

Haya. Mama mzima akaenda nyumbani akamkalisha mwanawe mezani, akamfundisha kudanganya kama anavyofundishwa hesabu. Mtoto alikuwa mwepesi. Siku ya siku alisimama mbele ya kabati na shanga zake za dukani, akasema maneno yale kwa sauti tamu hadi mgeni mmoja akafuta machozi. Kanda ikawekwa. Kumbe ni mwanamke tu anaimba wimbo wa kubembeleza mtoto. "Ni hivyo tu?" akauliza mgeni mwingine, na watu wakaenda kunywa chai.

Kesho yake asubuhi ndiyo ile ya shikamoo.

Jumamosi mama alikuwa anafua uani aliposikia kitana kikipita kwenye nywele, taratibu, kwaruu, kwaruu, na mtu akiimba kwa kufumba midomo. Akaingia ndani mikono ina povu. Mtoto amekaa sakafuni mbele ya kile kiti, peke yake, nywele alizoziacha timutimu zimesukwa mistari ya wanawake wa mlimani, zimekazwa hadi ngozi ya paji la uso imevutika na vitone vya damu vimechomoza kwenye mashina.

"Nani amekusuka?"

"Mama."

"Mama ni mimi!"

Mtoto akacheka kidogo, hakubisha.

Alimvuta mapajani akaanza kuzifumua zile nywele, na kila alipofumua mstari mmoja mtoto alipiga ukelele wa mtu anayechomwa, na nywele zikabaki mkononi na vipande vya ngozi, na bado akaendelea, maana alidhani akimaliza atampata mwanawe chini yake, huku ile harufu ya majivu mabichi ikimjaa kooni na ule wimbo ukitoka ukutani, ukitoka kwenye beseni la nguo, ukitoka mwisho wa yote kwenye kifua cha mtoto mwenyewe ambaye mdomo wake ulikuwa umefumbwa, na vilevile, Mungu wangu, ulikuwa umeanza kutabasamu.

Akaacha. Akashika simu akalia kwa bibi mkuu wa ukoo.

Bibi alifika mchana ule ule. Alipomwona mtoto, akakaa chini kabla ya kukaribishwa.

"Ulimfundisha kuingia," akasema kwa sauti ya chini. "Ukamfundisha kuaga?"

"Kuaga vipi, bibi?"

"Yule mama alinyang'anywa bintiye na watu wa ofisi, ofisi kama hiyo yako. Walisema wanampeleka shule. Hakuonekana tena. Kwa ule wimbo anamwita. Sisi tukienda kumsikiliza tunajiita wanawe ili atufungulie, na tukimaliza tunamuaga: mama, naomba kuondoka, mama yangu ananisubiri. Analia, lakini anatuachia. Hilo hukuambiwa kwa sababu halikuhusu. Hukutakiwa uingie."

"Basi nitamuaga mimi! Nitasema nilidanganya!"

"Aliyesema ni mtoto, na jini ameshika neno lake. Atakayeaga ni mtoto."

Wakamwinua, kila mmoja upande wake. Mama akamfuta damu kwenye paji la uso. "Sema, kipenzi changu," akamnong'oneza. "Sema kama bibi alivyosema, halafu yaishe. Nitakupeleka popote utakapo. Sema tu."

Mtoto akawatazama wote wawili. Akakitazama kiti. Kisha akamgeukia mama yake aliyemzaa, akamshika mkono kwa adabu zote alizofunzwa.

"Mama, naomba kuondoka," akasema. "Mama yangu ananisubiri."

Bibi akapiga ukelele, "Usimjibu!" Lakini hapakuwa na jibu la kungojwa. Ule mkono mdogo ukawa mzito, magoti yakalegea, na mtoto akalala miguuni mwa mama yake. Wimbo ukakoma. Nyumba ikawa kimya, na harufu ikaondoka yote mara moja, ukabaki unyevu wa sabuni.

Baada ya mazishi bibi alikwenda ofisini kuichukua kanda yao. Mkurugenzi alijifungia chumbani kwake akasema ana kikao. Bi Funguo ndiye aliyeshuka stoo kufungua kabati, amekonda, khanga ya msiba bado kichwani. Mlango ulipofunguka akamsikia mwanawe. Kanda haimo mashineni, imo ndani ya boksi lake, na mtoto anaongea mle ndani, anasimulia habari za shule, za rafiki zake, harakaharaka, kwa furaha.

Akaanguka magotini. "Bibi, nakuomba. Niwekee nisikie vizuri. Neno moja tu!"

Bibi naye machozi yalikuwa yanamtoka. Akalifunga boksi kwa kitambaa, fundo juu ya fundo.

"Hii ni ya mama na mwanawe," akasema. "Mtu wa nje haruhusiwi."

Akaliweka kifuani akatoka. Bi Funguo akamfuata kwenye korido kwa magoti, na mle ndani ya kitambaa mtoto akaita, "Mama!"

Akafungua kinywa aitikie. Sauti ya mwanamke ikamtangulia kutoka ndani ya boksi, imetulia, imeshiba furaha.

"Nipo, mwanangu."