Ufunguo Uliopelekwa Riga

Ndugu zangu tuliohama kwetu tukaja kuishi kwa watu, haya nayasema uso ukiwa chini, kwa sababu Fabiola ni mmoja wetu, na alichokifanya wengi wetu tungekifanya.

Fabiola na mumewe Renzo, watu wa Arequipa ng'ambo ya bahari, walikuwa na mwaka wa nne mjini Valencia, Ulaya, ghorofa ya tatu. Mlango uliotazamana na wao ulikuwa wa Bi Amparo, mjane wa miaka themanini na moja. Kila siku saa mbili asubuhi Bi Amparo alivuta kamba, pazia zito la mbao la dirishani kwake likapanda kwa kelele, kisha akapaza sauti hadi jikoni kwa Fabiola: "Sijafa bado!"

"Basi njoo unywe kahawa kabla hujabadili mawazo," Fabiola alimjibu.

Walikuwa na mapatano. Fabiola alitunza ufunguo wa mama yule, umefungwa utepe mwekundu. Pazia lisipopanda hadi saa tatu, angeingia kumtazama. Akisafiri, angeuacha ufunguo kwa Vicent, muuza mboga wa pale chini. Bi Amparo naye aliwamwagilia maua, akawapokelea vifurushi, na Jumapili jioni waliporudi safarini walikuta sufuria ya dengu mlangoni, ingali ya moto.

Na safari hazikuisha. Ijumaa wanaondoka, Jumapili wanarudi. Renzo alibandika ramani ya Ulaya kwenye friji, na kila nchi waliyoikanyaga akaitia rangi, maana walishindana na rafiki zao. Ungewauliza walichokiona mji wa Ljubljana, wangekuonyesha picha ya sahani. Siwacheki. Hata mimi nilikuwa na ramani kama hiyo.

Bi Amparo akaanza kuuliza. "Tena, mwanangu? Juzi tu si mlikuwa Poland?" Hakuwa na ubaya wowote, lakini Fabiola alijiona kama anachungwa na mama mkwe. Ndiyo maana Ijumaa moja ya mwezi wa tatu, tiketi za ndege za Riga, mji wa nchi ambayo hawajaitia rangi, zilipopatikana kwa bei ya chee, hakumwambia.

"Tukimuaga ataanza maswali," alimnong'oneza mumewe. "Siku mbili tu. Atajuaje?"

"Na haya magurudumu kwenye ngazi?"

"Tuyabebe masanduku."

Wakayabeba mikononi, wakapita mlangoni pa bibi wa watu wakinyata kama wezi. Chini teksi ilikuwa inasubiri, na dukani kwa Vicent kulikuwa na foleni. Ufunguo ukabaki mkobani.

Jumamosi saa nne asubuhi simu ya Fabiola ikalia. Alikuwa Vicent.

"Dada Fabiola, pazia la Bi Amparo bado liko chini. Kuna usalama huko juu?"

Angesema: niko Riga, ufunguo ninao, vunjeni mlango. Yangekwisha. Lakini aliona aibu.

"Atakuwa amepitiwa na usingizi," alisema. "Namchungulia sasa hivi."

Vicent akashukuru, akarudi kwenye nyanya zake. Fabiola akampigia Bi Amparo. Simu ikaita hadi ikakata.

"Labda anaoga," Renzo alisema. "Twende bwana, mashua ya watalii inatuacha."

Wakaenda. Kuna picha ya siku hiyo, Fabiola yuko mashuani anatabasamu. Hajaweza kuifuta, wala hawezi kuitazama.

Saa tisa alasiri, baada ya kupiga simu mara saba bila kujibiwa, alimpigia Vicent akasema kweli huku analia.

"Dada," Vicent alisema, "mimi nimewaambia wateja wote kwamba uko naye."

Zimamoto walivunja mlango. Bi Amparo alikuwa sakafuni chini ya dirisha, nyonga imevunjika, midomo imekauka. Alianguka saa mbili, akienda kuvuta kamba ya pazia. Katika muda wote aliolala pale, muda wa saa tano, tangu Vicent alipopiga simu, ni wa Fabiola.

Jumatatu Fabiola aliingia wodini, hajui aweke wapi macho.

"Nisamehe, Bi Amparo. Najua uliniita, nami sikuwepo."

"Sikukuita, mwanangu," mama yule alisema taratibu. "Ijumaa niliwasikia mkishuka. Mlibeba masanduku ili nisisikie. Kwa hiyo nilipoanguka, sikujichosha kuita."

Fabiola akavuta kiti, akaketi karibu na kitanda.

"Dengu zenu za Jumapili nilikuwa nimeshazichambua," Bi Amparo aliongeza. "Ziko mezani. Zichukue, zisiharibike."

Hakurudi tena nyumbani kwake. Mpwa wake alimchukua kwake, mji wa Teruel, na Fabiola akamkabidhi mpwa huyo ufunguo bila kumtazama usoni. Ramani ameibandua. Saa mbili asubuhi husimama jikoni na kahawa ya watu wawili, na ng'ambo ya ukumbi hakuna sauti.

FUNZO

Kutembelea nchi za watu si kosa. Kosa ni kuifanya nyumba unayoishi kuwa mahali pa kubadilishia nguo tu, na kula dengu za jirani usiyetaka hata kumuaga. Anayekupa ufunguo wake amekukabidhi uhai wake, kwa hiyo ukiondoka, aga, na ufunguo uache. Na ukishakosea, sema mapema. Aibu ya saa nne ingekuwa ndogo, Fabiola angeimaliza kwa kuomba radhi. Ya saa tisa anaishi nayo.