Neno Aliloliruka Gwantwa

Kila siku akitoka shule, Gwantwa alipita nyumbani kwao, kata ya Mpemba mjini Tunduma, akachukua hotpoti ya chakula na kumpelekea baba yake mdogo, Enoka, kwenye kibanda cha mitambo ya mawasiliano kando ya barabara kuu. Malori ya kwenda Zambia yalikuwa yamepanga foleni hadi karibu na mlango. Siku hiyo ugali aliupika mwenyewe, maana mama yake, Ferista, alikuwa kituo cha afya tangu alfajiri, akisubiri kujifungua.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Weka hapo, uje unisaidie. Leo wameniachia kazi ya watu wawili."

Enoka alikuwa juu ya ngazi, mikono yote imeshika nyaya. Zamani alikuwa na mwenzake, lakini wakubwa walimwondoa, eti wanabana matumizi. Magari yao hawakuyabana.

Chini yake ilikuwepo swichi, sanduku la chuma lenye taa za kijani zinazopepesa. Gwantwa alikwishaelezwa kwamba simu na intaneti za mji hupita humo, kila ofisi na njia yake yenye namba. Njia zote hutoka kupitia lango moja la kasi kubwa, linaloitwa tranki, kwenda Mbeya. Leo ilitakiwa kuongezwa njia ya shule mpya.

"Maneno nimeyaandika kwenye hilo boksi," Enoka alisema. "Yaandike kwenye kompyuta kama yalivyo, halafu bonyeza. Usiruke kitu."

Nje, rafiki yake Priska alikuwa akidunda mpira. "We Gwantwa! Rede imeanza! Au umeshakuwa injinia?"

Gwantwa akaandika harakaharaka. Katikati ya mstari kulikuwa na neno fupi la herufi tatu. Akaliona dogo tu, akaliruka. Akabonyeza.

Taa nyingi zikaacha kupepesa.

"Mbeya wamefanya nini tena?" Enoka aliteremka mbio. Akachukua simu yake yenye laini ya Zambia, isiyopita kwenye swichi hiyo, kama walivyo nayo wengi wa Tunduma. "Nyie wakubwa mmegusa nini huko? Tumekatika! Hamjagusa? Nyie lini mliwahi kukubali kwamba mmegusa?"

Gwantwa akatazama kioo cha kompyuta. Akaona mstari wake, akaona pengo la lile neno. Hakuna aliyeniona, aliwaza. Nikinyamaza, watalaumiwa Mbeya.

Simu ikalia. Sauti ya baba yake, Yonasi, ilijaa kibandani.

"Enoka, shemeji yako anatoka damu! Nesi anapiga hospitali waje na gari la wagonjwa, simu haiendi. Hata mimi nikipiga, namba yao haiiti!"

"Kaka, mpakie kwenye bajaji!"

"Nesi amekataa. Anasema atatufia njiani. Tunalitaka gari lenye vifaa. Fanya kitu, mdogo wangu!"

Enoka akarudi kwenye nyaya, akaanza kuchomoa mmoja baada ya mwingine akitafuta ulioharibika. Zilikuwa nyingi mno. Jasho lilimchuruzika. "Wataniulia shemeji hawa. Wataniulia shemeji."

Akilini Gwantwa alimwona mama yake kitandani, akamwona baba mdogo akimchapa, kisha baba mdogo huyo akifukuzwa kazi.

"Baba mdogo."

"Nyamaza kwanza!"

"Si Mbeya, baba mdogo. Ni mimi. Niliruka neno."

Enoka akasimama, waya mkononi. "Lipi?"

Gwantwa akalionyesha kwa kidole kwenye lile boksi.

"Mungu wangu! Hilo 'add' ndilo linaloiambia mashine iongeze. Bila hilo inafuta njia zote za zamani, inabakiza mpya peke yake!"

Hakumpiga. Alirudisha nyaya, akakaa, akaziandika upya namba za njia za zamani, ya hospitali kwanza. Taa zikaanza kupepesa. Gwantwa aliushika mguu wa meza hadi simu ikalia tena.

"Wamepokea!" Yonasi alisema. "Gari linakuja."

Jioni ndipo habari ilipofika kwamba Ferista yu hai, na mtoto ni wa kiume. Gwantwa akalia kwa sauti. Enoka akamwacha kwanza alie.

"Usingesema, ningeendelea kuwatukana Mbeya na kuchomoa nyaya," alisema baadaye, "na sasa hivi tungekuwa msibani. Kosa lako ni haraka. Langu ni kukupa kazi isiyo yako, na kesho nitawaambia wakubwa mwenyewe."

"Watakufukuza?"

"Huenda. Wao wakikosea hutafuta mdogo wa kumbebesha lawama. Ukikua wakakupa kiti kikubwa, hilo usijifunze kwao. Kazi ifanye kama ulivyoagizwa. Na ukikosea sema upesi, kama ulivyosema leo, asije mtu mwingine akalipa kwa uhai wake."