Kisiki cha Dalia

Mama Pindo alikuwa fundi wa kushona. Uzi ukichomoza tu kwenye nguo, mkasi wake ulikuwa umeshafika. Lakini asubuhi hiyo cherehani ilikuwa kimya. Alisimama dirishani, akichungulia bustani ya jirani.

Jirani huyo alikuwa wifi yake, msusi, dada wa mumewe. Dalia ya wifi ilikuwa imechipua vizuri. Ya Mama Pindo haikutoa hata jani.

Dalia hiyo ilikuwa ua la marehemu mama mkwe. Haikuwa kama zile za dukani, zenye petali zilizobanana. Hii ilikuwa dalia ya mwitu, yenye petali chache nyekundu na moyo wa njano. Chini ina mizizi minene kama viazi. Baada ya msiba, wifi aliifukua na kuigawa sehemu mbili, yake na ya Mama Pindo. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo.

"Kanipa iliyokufa," Mama Pindo alimwambia mumewe. "Ameichemsha kwanza, halafu akaniletea huku anacheka."

"Dada yangu achemshe ua la mama?"

"Hukuona alivyocheka."

"Yule hucheka hata akikanyaga mwiba," mumewe alisema, akaenda kazini.

Mama Pindo hakuridhika. Alimwagilia asubuhi na jioni mpaka udongo ukawa tope. Wifi akipita, alimtazama mikononi. Amebeba nini? Maji ya moto? Chumvi? Hata salamu alianza kuziitikia nusunusu. Na iliuma, maana wifi huyo ndiye aliyempokea kwa mikono miwili siku alipoolewa.

Asubuhi moja akasikia jembe. Akatoka mbio. Wifi alikuwa amechuchumaa kwenye bustani ya Mama Pindo, anafukua!

"Leo nimekukamata! Unatafuta nini kwangu?"

"Harufu," wifi alijibu. "Kuna kitu kinaoza, hata wateja wangu wananiuliza. Njoo uone."

Kiazi kilikuwa laini, kinachuruzika maji.

"Si ulinipa kibovu!"

"Nilikupa kizima. Wewe ulikifanyaje?"

"Nilikisafisha tu. Nilikata kile kisiki kikavu cha juu, kilikuwa kinachusha. Nikachagua viazi vilivyonona, nikapanda kimoja kimoja."

Wifi akashika kichwa. "Mama Pindo, umekata macho yake! Kiazi cha dalia hakichipui ubavuni. Macho ya kuchipulia yako juu, shingoni, kinaposhikana na kisiki. Bila hapo hakioti, hata ukikibembeleza. Na maji yote haya ya nini? Ukipanda, unyevu kidogo unatosha. Subiri kichipue, ndipo umwagilie vizuri."

Mama Pindo hakujua aweke wapi uso wake.

"Kisiki ulikitupa wapi?"

Walikwenda nyuma ya pipa la maji, kwenye lundo la vitambaa vilivyobaki. Mama Pindo alifunua. Kisiki kilikuwepo, na viazi vidogo vimekishikilia. Shingoni lilichomoza chipukizi.

"Wifi," alisema taratibu, "nilidhani umekichemsha."

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akamgeukia. "Kumbe ndiyo maana ulinuna. Mimi nilidhani nimekukosea wakati wa msiba."

"Nisamehe, wifi yangu." Machozi yalimtoka.

Walichagua mahali penye jua, pasipotuama maji. Wakainua tuta na kuchanganya samadi iliyooza. Kwanza wakasimamisha mti wa shina kuegemea, ili usije ukatoboa viazi baadaye. Wakapanda kwa kina cha kiganja, macho yakitazama juu. Chipukizi lilipotokeza juu ya udongo, Mama Pindo aliokota konokono kila jioni, na sasa jicho lake kali lilikuwa kwao. Dalia ikapita urefu wa dirisha, ikajaa maua mekundu. Mumewe alisimama mbele ya maua, akasema, "Mama angefurahi."

Mashina yalipokauka, Mama Pindo alifukua na kugawa mwenyewe. Kila kipande alikiachia kisiki chake na jicho. Kimoja akampelekea muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara.

Muuza mkaa akakigeuza huku na huku. Akamtazama kwa pembeni. "Mbona umenipa chenye kisiki kikavu? Vizuri umebaki navyo mwenyewe?"

Mama Pindo alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi!" aliita. "Njoo upesi! Tumempata mwingine!"