Asali ya Mzee Kitonga

Katika miaka ile ya tisini, kabla simu za mkononi hazijafika milima ya Iveti, asubuhi za Ndila zilianza kwa ufagio. Alifagia ua kuanzia mlango wa jikoni hadi kwenye uzio wa miti ya minyaa, akawasha moto, akabandika uji wa wimbi. Mama yake alishona nguo katika kiwanda kule Athi River na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi tu. Kwa hiyo Ndila, aliyekuwa darasa la sita, aliishi na babu yake, Mzee Kitonga, na nyanya yake, Munyiva.

Uji ukiiva alimpelekea babu kando ya ghala, alikopenda kuota jua. Babu alipiga funda moja, akafumba macho na kuuliza, “Huu uji umepikwa na nani?”

“Ni mimi, Umau,” Ndila alijibu. Umau ndivyo Wakamba wanavyomwita babu.

“Basi usiolewe mbali. Nitakufa njaa.”

Walicheka mzaha huo kila siku kana kwamba ni mpya. Zilikuwa asubuhi nzuri, na Ndila alipokuwa mtu mzima alizikumbuka kuliko sikukuu zote za utoto wake.

Mzee Kitonga alikuwa mfugaji wa nyuki. Mizinga yake ya magogo ilining'inia kwenye migunga ya kule bondeni, na katika nyumba yake asali haikukosekana hata mwaka wa kiangazi.

Mwaka huo babu alianza kukonda. Alikunywa maji mtungi ukaisha, na kila saa alikuwa njiani kwenda nyuma ya ghala kujisaidia haja ndogo. Tena alijigonga kidole cha mguu kwa jembe, na kidonda kikakataa kupona. Munyiva alipochoka kubembeleza alimwambia waziwazi kwamba akikataa kwenda hospitali, yeye atamwita mchungaji aje amwombee kama maiti. Babu akaenda, Munyiva na Ndila wakimsindikiza.

Katika hospitali ya mjini muuguzi aliyeitwa Wavinya alimchoma ncha ya kidole, akapima tone la damu. Mzee Kitonga alikuwa na ugonjwa wa kisukari, ule unaowapata watu wazima zaidi.

“Sukari imejaa kwa damu mpaka inamwagika kwa mkojo,” Wavinya alieleza. “Hata sisimizi utawaona wanakusanyika pale unapokojoa. Meza hizi tembe kila siku. Punguza chakula cha wanga, na sukari uache kabisa. Hicho kidonda kisipopona, mzee, sitakuficha. Watu wamekatwa mguu kwa kidonda kidogo kuliko hicho.”

Maneno hayo yalimwingia Ndila hadi kwenye mifupa. Walipofika nyumbani Munyiva aliigawa sukari yote kwa majirani.

Siku chache babu alikunywa chai isiyo na sukari huku amekunja uso. Kisha akaagiza kibuyu cha asali kiletwe.

“Sukari ni kitu ya kiwanda,” alisema. “Asali ni dawa. Baba yangu aliikula mpaka akazeeka na meno yake yote.”

Munyiva aliona ni kweli. Ndila pia. Hakuna aliyefanya jambo hilo kwa kificho, kwa sababu katika nyumba ile hakuna mtu aliyewahi kuiita asali sukari. Basi kila asubuhi Ndila alitia vijiko viwili vikubwa kwenye uji wa babu, na jioni akamtilia tena kwenye chai. Alifurahi sana kumwona akitabasamu.

Lakini alipofagia nyuma ya ghala aliona sisimizi. Kesho yake walikuwapo tena, mstari mrefu kuliko wa jana. Ndila alisimama akiegemea ufagio wake, akaanza kuwaza.

Siku ya kurudi hospitali ilipofika, Wavinya alipima damu, akapima tena, akakunja uso.

“Mzee, imepanda. Unatumia sukari?”

“Hata chembe.”

“Na tembe unameza?”

“Anameza,” Munyiva alisema. “Mimi mwenyewe ndio humpatia.”

Wavinya alikifungua kidonda. Kilikuwa kimepanuka, na ngozi ya pembeni imekuwa nyeusi. “Basi lazima daktari akuone leo,” alisema taratibu. “Hiki kidole anaweza kusema kikatwe.”

Ndila alikuwa ameketi kwenye benchi, kikapu mapajani. Alijua vizuri kwamba mtoto haingilii wazee wanapozungumza, sembuse kumsahihisha babu yake mbele ya mtu wa nje. Aliogopa. Lakini aliutazama ule mguu, akaogopa zaidi.

“Sista,” alisema, “na asali je?”

Babu aligeuka. “Ndila,” alimkanya.

Ndila aliendelea kumtazama muuguzi. “Umau hali sukari. Lakini mimi humwekea asali kwa uji na kwa chai. Na sisimizi bado wanakuja.”

Wavinya hakucheka. Alivuta kiti akaketi karibu na mzee. “Mimi nimelelewa kwa asali,” alisema. “Baba yangu alikuwa na mizinga kule Kathiani. Kwa hivyo nisikilize kama mtoto wako. Asali ikishaingia kwa damu ni sukari. Damu haiulizi imetoka dukani ama mzingani.”

Mzee Kitonga aliutazama mguu wake. “Hata ya mgunga?” aliuliza.

“Hata ya mgunga.”

Daktari alikubali kungoja kidogo, kwa sharti kwamba kidonda kisafishwe kila siku na asali ikome. Njia nzima babu hakumsemesha Ndila. Usiku ule Ndila alilia, akidhani amempoteza babu yake kwa mdomo wake mwenyewe.

Hata hivyo babu aliiacha asali. Alinung'unika sana, lakini aliiacha. Uji ulikuwa kikombe kidogo, bila kitu. Munyiva alipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, akizidisha maharagwe na majani ya kunde. Ugali ulikuwa tonge la ukubwa wa ngumi, na siku ya kiazi kitamu hapakuwa na ugali. Kidonda kilipoanza kukauka babu alivaa viatu vya kufunika vidole, akatembea hadi bondeni kila asubuhi kuitazama mizinga. Polepole sisimizi wakapotea nyuma ya ghala, na daktari hakuzungumza tena habari ya kukata.

Jioni moja Mzee Muli, mfugaji mwenzake wa nyuki, alikuja kusalimia. Alikunywa maji bilauri baada ya bilauri, akilalamika kwamba siku hizi kiu haimwishi. Babu alimtazama kwa makini.

“Nenda upimwe,” alimwambia. “Na ukienda, uende na mjukuu wako. Sisi wazee tukiulizwa tunakula nini, tunajibu nusu.”

Kisha akamwita Ndila, akamkalisha karibu naye mbele ya mgeni.

“Siku ile nilikukasirikia,” alisema. “Niliona umeniaibisha. Kumbe wewe ndiye uliyeushika mguu wangu usikatwe. Heshima si kunyamaza, Ndila. Ukimwona mkubwa wako anajiumiza, mwambie. Mwambie kwa upole, lakini mwambie. Na sisi wakubwa tujifunze kusikia.”

Machozi yalimtoka Ndila, safari hii ya furaha.

Mzee Kitonga aliishi miaka mingi baada ya hapo. Siku Ndila alipomaliza kidato cha nne, wazazi na wageni walialikwa shuleni, juu kabisa ya kilima. Vijana walimletea babu kiti wakitaka kumbeba. Aliwafukuza kwa mkono, akapanda kilima chote kwa miguu yake miwili.